Perege wa Bei Nafuu na Gharama Isiyoonekana

Kisumu ni mji uliojengwa ukingoni mwa Ziwa Victoria, ziwa kubwa kuliko yote barani Afrika. Hata hivyo, si ajabu kumkuta mchuuzi mjini humo akiuza perege waliofugwa katika mabwawa ya China. Samaki hao wamegandishwa, wamevuka Bahari ya Hindi kwa meli hadi Mombasa, kisha wamepandishwa bara hadi kwenye mji wenye maji yake na wavuvi wake. Pamoja na safari hiyo yote, mara nyingi bei yao huwa chini kuliko ya samaki aliyevuliwa ziwani.

Mama anayewanunua hana la kulaumiwa. Samaki wa ziwa wamepungua, watoto wanahitaji protini, na mfuko ndio huo. Lakini mitaani uvumi umeenea kwamba samaki hao ni sumu. Katika siasa nako, mjadala ulipamba moto mwaka 2018, Rais Uhuru Kenyatta alipozungumzia hadharani haja ya kuzuia uagizaji wao ili kuwalinda wavuvi wa nchini. Kati ya uvumi na siasa, swali la kitabibu limeachwa kando: samaki huyo alikuzwaje, na nani amempima?

Samaki wengi wanaposongamana katika maji machache, ugonjwa wa mmoja huwa wa wote. Tangu mwaka 2009, mashamba ya perege ya kusini mwa China yamesumbuliwa na bakteria aitwaye Streptococcus agalactiae, ambaye spishi yake hiyohiyo huwaambukiza pia watoto wachanga. Mfugaji anayeona mtaji wake ukielea majini hushawishika kumwaga dawa za antibiotiki. Bakteria dhaifu hufa. Wenye usugu hubaki na kuzaana, na wanaweza kuwarithisha bakteria wengine usugu huo. Maji ya bwawa yanapofunguliwa, mabaki ya dawa, kinyesi na chakula kilichooza hufuata mkondo hadi mtoni, mwani hustawi, na oksijeni ya viumbe wengine hupungua. Hiyo ni sehemu ya gharama isiyoandikwa kwenye bei.

Sehemu nyingine huweza kumfikia mlaji. Kloramfenikoli, dawa iliyokatazwa katika nchi nyingi kwa wanyama wa chakula, huweza kwa nadra kuufanya uboho wa binadamu ushindwe kutengeneza damu. Mwezi Juni 2007, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliamuru kambare, kamba na mikunga wa kufugwa kutoka China wazuiwe hadi ithibitishwe kwamba hawana dawa zisizoruhusiwa, kwa kuwa vipimo vilikuwa vimezibaini mara kwa mara. Perege hawakuwamo katika amri hiyo. Jambo hilo lafaa kukumbukwa: vipimo huwatenga wenye kasoro na huwaondolea lawama wasio nayo, kazi ambayo uvumi hauiwezi.

Jikoni, moto hulinda kwa kiasi chake. Mwaka 2015, watu wengi nchini Singapore waliugua, baadhi yao vibaya, baada ya kula samaki wabichi wa maji baridi waliobeba bakteria aliyetajwa hapo juu. Mwishoni mwa mwaka huo serikali ikapiga marufuku kuuza samaki hao wakiwa wabichi kama chakula tayari. Samaki aliyepikwa hadi nyama yake ikawa nyeupe na kuachana na mifupa hana hatari hiyo. Lakini moto hauwezi kutegemewa kuondoa mabaki ya dawa. Wala jicho halioni mabaki hayo, wala ulimi hauyaonji.

Kwa hiyo mpishi ana wajibu wake: ayeyushie samaki mahali pa baridi, amwage maji ya barafu yake mbali na vyakula vingine, aoshe kisu na ubao kwa sabuni kabla ya kukata kachumbari, na asimrudishe kwenye friza samaki aliyekwisha kuyeyuka. Mengine yamo mikononi mwa serikali: maabara zinazopima sampuli bandarini, matokeo yanayotangazwa, na lebo inayoonyesha shamba alikotoka samaki.

Kipimo hicho kisibague bendera. Vizimba vya perege vimeongezeka ndani ya Ziwa Victoria lenyewe, na msongamano, magonjwa na kishawishi cha dawa havihitaji pasi ya kusafiria. Mama wa Kisumu hawezi kupeleka kitoweo chake maabara kila jioni. Anastahili kujua kwamba kuna aliyekipeleka kabla yake, awe samaki huyo ametoka ng'ambo ya bahari au hapo ziwani anapopaona kutoka mlangoni pake.