Mafunzo ya Kushona Katika Mji wa Likasi

Likasi ni mji wa shaba. Uko katika jimbo la Katanga ya Juu, nchi ya Kongo, mwendo wa kilometa 120 hivi kutoka Lubumbashi. Watu wa mbali wakisikia jina lake hufikiri juu ya migodi, na tanuru, na garimoshi lililojaa mawe. Ni kweli. Kiwanda cha Shituru kilianza kusafisha shaba hapo mwaka 1929. Lakini katika mji huu kuna chombo kingine cha chuma, chembamba kuliko kijiti cha kiberiti, ambacho nacho kimelisha nyumba nyingi. Chombo hicho ni sindano.

1. Zamani katika kambi

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906. Wakati wa Wabelgiji mji uliitwa Jadotville. Jina la Likasi lilirudi mwaka 1966. Mwanzoni wafanyakazi walikuja peke yao, wakafanya kazi miezi michache, kisha wakarudi kwao. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ilitaka wakae miaka mingi, pamoja na wake zao na watoto wao. Basi kambi zikajaa jamaa, na shule zikafunguliwa. Wamisionari Wabenedikto, waliofika Katanga mwaka 1910, walisimamia shule nyingi za kambi.

Palikuwa pia na nyumba za mafunzo ya wanawake, zilizoitwa kwa Kifaransa foyer social. Humo wamama walijifunza kushona, kufuma, kupika na kutunza watoto wachanga. Nyumba kama hizo zilikuwako katika miji mingine pia. Ile ya Usumbura, mji ambao leo huitwa Bujumbura, ilifunguliwa mwaka 1946. Shabaha ya walimu ilikuwa kwamba mwanamke atunze vizuri nyumba yake na nguo za jamaa yake. Hawakufikiri sana kwamba sindano itampa mshahara. Mafundi walioshona nguo za watu kwa malipo, barazani mwa maduka, walikuwa karibu wote wanaume.

Lakini nyakati hugeuka. Mwaka 1967 migodi ikawa mali ya serikali, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Katika miaka ya 1990 uchimbaji ulianguka, na mishahara ikakawia miezi mingi. Mwaka 2003 ulianza mpango wa kupunguza wafanyakazi, na watu zaidi ya 10,000 wakaacha kazi ya kampuni. Hapo jamaa nyingi za Katanga ziliishi kwa kazi za wamama: kulima, kuuza vitu sokoni, na kushona. Mama aliyejifunza sindano ili atengeneze shati la mumewe, sasa aliwashonea majirani, akapata unga na fedha za shule za watoto. Elimu ndogo iliyoonekana kama kazi ya mapumziko ikawa nguzo ya nyumba.

2. Kwa nini waende wawili

Mafunzo ya kushona ya siku tano hufaa zaidi kama mwanafunzi anakwenda na rafiki yake. Sababu ya kwanza ni rahisi. Hakuna mtu awezaye kupima mgongo wake mwenyewe. Akiinua mkono ili ashike utepe wa kupimia, bega lake hupanda, na hesabu hupotea. Lazima mwenzake ampime.

Sababu ya pili ni kumbukumbu. Mwalimu husema mengi kwa siku moja. Huyu hukumbuka jambo hili, yule hukumbuka lile. Jioni, njiani kwenda nyumbani, wawili hurudia maneno ya mwalimu, na somo hukaa mioyoni.

Sababu ya tatu ni macho. Mshonaji huzoea kosa lake mwenyewe, hata halioni tena. Rafiki hulitambua mara moja. Rafiki mwema husema, «Mshono huu umepinda, ufumue,» hata kama maneno hayo hayapendezi. Afadhali aseme yeye leo kuliko mwenye nguo kesho.

Lakini kwenda wawili kuna hatari yake. Wa kwanza ana mkono mwepesi wa kukata, wa pili anajua sana mashini. Basi hugawana kazi: mmoja hukata nguo zote mbili, mwingine huzishona zote mbili. Siku ya mwisho nguo ni nzuri, na wote wawili wanasifiwa. Je, wamejifunza? Hapana. Kila mmoja ana nusu ya ufundi, na nusu ya ufundi haivaliki. Yule aliyekata tu atakapokaa peke yake nyumbani kwake, vipande vitabaki vipande. Kwa hiyo mwalimu mwenye busara huwaambia wabadilishane: anayekata leo atashona kesho, na kila mmoja atamaliza nguo yake kwa mikono yake. Msaada wa kweli wa rafiki ni kuangalia, kushika na kuonya. Si kufanya kazi mahali pa mwenzake.

3. Siku tano za kazi

Siku ya kwanza ni ya mkono. Wanafunzi hupewa sindano, uzi, mkasi, na kastabani, yaani kikofia kidogo cha chuma kinachokinga kidole. Hujifunza kupiga bandi, ndiyo mishono mirefu ya kushikiza kitambaa kwa muda. Hujifunza mshono wa kurudi nyuma, ulio na nguvu kwa sababu kila hatua hurudi kukanyaga ya kwanza. Tena hujifunza pindo, tundu la kifungo na kukaza kifungo. Wengine hunung'unika, kwa maana wamekuja kwa ajili ya mashini. Lakini mkono usiojua mshono hauwezi kuiongoza mashini.

Siku ya pili ni ya hesabu. Wawili hupimana kifua, kiuno, nyonga na urefu, wakaandika katika daftari. Kisha huchora patroni, yaani kielelezo cha karatasi. Hapa wengi huanguka. Chukua mfano wa sketi. Nyonga za msichana ni sentimeta 92. Ili aweze kutembea na kuketi, huongezwa 4, jumla 96. Sketi ina kipande cha mbele na kipande cha nyuma, basi kila kimoja ni 48. Lakini kila upande mshono hula sentimeta 1 na nusu. Kwa hiyo kila kipande kikatwe sentimeta 51. Aliyesahau akakata 48, atapoteza 6 katika kushona. Sketi itabaki na 90, na nyonga ni 92. Haitapita! Kitambaa kimekwisha kukatwa, na mkasi haurudishi.

Siku ya tatu ni ya kukata. Kwanza kitambaa cha pamba hufuliwa na kukaushwa, kwa sababu pamba hunywea katika maji. Nguo iliyoshonwa kabla ya kufuliwa kitambaa chake huweza kubana baada ya safisho la kwanza. Kisha mwanafunzi hutazama nyuzi. Kila kitambaa kilichofumwa kina mtande, ndio nyuzi zinazokwenda kwa urefu, na mshindio, ndio nyuzi zinazopita kwa upana. Kwa kawaida patroni hulazwa kufuata mtande. Ikilazwa upande upande, nguo hujipinda mwilini. Mwisho hutazamwa picha. Kikwembe huuzwa mara nyingi kwa yadi 6, yaani karibu meta 5 na nusu. Kama kimechorwa ndege, ndege wote wasimame. Ndege wa kifuani akiwa kichwa chini, watu watacheka kanisani.

Siku ya nne ni ya mashini. Mashini hushona kwa nyuzi mbili. Uzi wa juu hupita katika sindano. Uzi wa chini hutoka katika bobini, kigurudumu kidogo kilichofichwa chini ya bamba. Sindano hushuka na uzi wake, ikianza kupanda huacha kitanzi kidogo, na uzi wa chini hupita ndani ya kitanzi hicho. Hivyo nyuzi mbili hukumbatiana katikati ya kitambaa. Kama uzi wa juu umekazwa mno, humvuta mwenzake, na uzi wa chini huonekana juu. Kama umelegea mno, vitanzi huonekana chini. Zikivutana sawasawa, mshono hulala vizuri pande zote mbili.

Chombo hiki kilipatikana kwa taabu. Barthélemy Thimonnier, fundi wa nguo wa Ufaransa, alipata hati ya mashini yake mwaka 1830. Mwaka 1831 mafundi wa Paris, walioogopa kukosa kazi, waliingia katika kiwanda chake wakavunja mashini zake. Alikufa maskini mwaka 1857. Kule Marekani, Elias Howe alipata hati yake mwaka 1846, na Isaac Singer mwaka 1851. Angalia sindano ya mkono: tundu lake liko upande wa nyuma, mbali na ncha. Katika sindano ya mashini tundu liko karibu na ncha. Jambo hilo dogo ndilo linalowezesha uzi kushuka na kufanya kitanzi bila sindano nzima kupita upande wa pili.

Siku ya tano ni ya kufumua na kumaliza. Kufumua si aibu. Mishono mibaya hukatwa mmoja mmoja kwa ncha ya mkasi, kitambaa hakivutwi kwa hasira. Kisha nguo hupigwa pasi, hutazamwa ndani na nje, na kila mmoja huvaa kazi yake mbele ya wote.

4. Baada ya mafunzo

Siku tano hazimfanyi mtu kuwa fundi. Humfungulia mlango tu. Asiyeshika sindano kwa miezi miwili baadaye atasahau karibu yote. Wawili waliosoma pamoja wana bahati: huweza kukutana kila juma, leo kwa huyu, kesho kwa yule, wakashona nguo za jamaa zao kwanza, kabla ya kupokea kitambaa cha mtu mwingine.

Maana kitambaa cha mtu ni amana. Mjane aliyeweka akiba miezi mingi ili anunue kikwembe cha sikukuu hana kikwembe cha pili. Fundi akikiharibu, ameharibu akiba yake. Basi mwenye ujuzi mdogo aseme wazi, «Kazi hii bado siiwezi.» Tena vipande vinavyobaki baada ya kukata ni mali ya mwenye kitambaa. Fundi mwaminifu huvifunga pamoja na nguo, akavirudisha. Amri ya saba inakataza wizi wa vitu vikubwa, na wa vidogo pia.

Maandiko Matakatifu yanawataja watu wa kazi ya mikono. Mtume Paulo alijua kutengeneza hema. Huko Korinto alikaa nyumbani kwa Akila na Priskila, mtu na mkewe, kwa sababu walikuwa wa ufundi mmoja. Wakafanya kazi pamoja. Katika mji wa Yopa palikuwa na mwanamke jina lake Tabita. Alipokufa, wajane walimzunguka Petro wakilia, wakamwonyesha kanzu na nguo ambazo Tabita alizifanya alipokuwa pamoja nao. Petro akasali, na Tabita akafufuka. Hotuba za Tabita hazikuandikwa. Zimeandikwa nguo zake, na machozi ya wale waliozivaa.

Wavulana wasifikiri kwamba somo hili si lao. Paulo alikuwa mwanamume, Thimonnier pia, na mafundi wengi wa masoko ya Katanga ni wanaume. Mtu yeyote awezaye kukaza kifungo chake hamsumbui mama yake asubuhi, wala haingii darasani na shati wazi. Haba na haba hujaza kibaba: mshono mmoja leo, mwingine kesho, mwisho ni nguo.

Maswali

1. Zamani nyumba za mafunzo zilifundisha kushona kwa shabaha gani? Baadaye kazi hiyo iliwasaidiaje wamama?
2. Taja sababu tatu za kwenda na rafiki kwenye mafunzo. Hatari yake ni nini?
3. Nyonga za mwanamke ni sentimeta 100. Ongeza 4 za nafasi. Sketi yake ina vipande viwili, na mshono hula 1 na nusu kila upande. Kila kipande kikatwe sentimeta ngapi?
4. Kwa nini kitambaa cha pamba hufuliwa kabla ya kukatwa?
5. Linganisha sindano ya mkono na sindano ya mashini. Tundu la kila moja liko wapi?
6. Fundi amebakiza kipande kizuri cha kikwembe, na mwenye nguo hajui. Afanye nini?