Biskuti za matunda za mbwa: Maembe hayana shida, hatari ni ukwaju na mahindi yaliyovunda

MBWA wa boma katika vijiji vya Bondo, Kaunti ya Siaya, hula kilichobaki. Ukoko wa ugali, vichwa vya samaki, mchuzi uliolala na, asubuhi, uji uliosalia ndani ya sufuria. Chakula cha mbwa kinachouzwa katika maduka makubwa ya Kisumu hakimfikii, kwa sababu bei ya mfuko mmoja hutosha kuilisha familia nzima kwa siku kadhaa.

Hata hivyo, msimu wa maembe unapowadia, matunda huanguka na kuozea chini ya miti. Sokoni nako, mapapai na ndizi zilizoiva kupita kiasi hutupwa jioni kwa kukosa mnunuzi. Mabaki hayo, yakichanganywa na unga kidogo na omena, yanatosha kumwokea mbwa biskuti ngumu ambazo hazina sukari, chumvi wala gharama kubwa.

Wapo watakaocheka wakisikia mbwa akiokewa. Lakini kinachookwa hapa si keki ya sherehe. Ni kitafunio kidogo cha kumfunza mnyama aitike anapoitwa, na jambo hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kama itakavyoelezwa.

Mbwa ni mla nyama kwa asili, ila miaka mingi ya kuishi na binadamu imembadilisha. Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka wa 2013 ulionyesha kuwa mbwa wana uwezo mkubwa kuliko mbwamwitu wa kumeng'enya wanga. Kwa hivyo ugali haumdhuru, na vivyo hivyo embe, papai, ndizi, tikitimaji na boga, mradi apewe kwa kiasi. Kokwa ya embe sharti iondolewe, kwa kuwa mbwa akiimeza huweza kukwama katika utumbo na kuhitaji upasuaji. Mbegu za papai na za tikitimaji pia hutolewa.

Maandalizi yenyewe ni mepesi. Chukua vikombe viwili vya unga, kimoja cha mtama na kimoja cha ngano. Mtama pekee haushikani, hivyo biskuti huvunjikavunjika zikitolewa jikoni. Ongeza kikombe kimoja cha embe au ndizi iliyopondwa, yai moja, na vijiko viwili vya omena iliyotwangwa.

Omena ndiyo humvuta mbwa, kwa sababu yeye huongozwa na pua kabla ya ulimi. Ile inayoanikwa chini ufuoni, kama inavyofanyika katika fuo nyingi za Usenge na Uhanya, huwa na mchanga. Ioshwe kwa maji mengi, ikaushwe upya juani au kwenye kikaango kisicho na mafuta, kisha itwangwe. Ikiwa ilitiwa chumvi, ilowekwe kwanza na maji yamwagwe.

Donge likandwe hadi liwe gumu kama la chapati, lisukumwe kwa unene wa kidole kidogo, kisha likatwe vipande visivyozidi ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Wengi hukosea hapo kwa kukata vipande vikubwa, na mbwa akala kimoja akatosheka, mafunzo yakaishia hapo. Madaktari wa mifugo hushauri vitafunio visizidi sehemu moja kwa kumi ya nguvu anayoipata mbwa kutokana na chakula chake cha siku.

Asiye na tanuri ya umeme au gesi atatumia jiko la makaa, kama waokaji wa keki wa mitaani. Mchanga mkavu hutandazwa ndani ya sufuria kubwa na kupashwa moto. Sufuria ndogo yenye biskuti huwekwa juu ya mchanga huo, kisha ile kubwa hufunikwa na makaa machache kuwekwa juu ya kifuniko. Baada ya nusu saa hivi, zigeuzwe na kuachwa tena hadi zikauke kabisa. Kwenye tanuri, joto la nyuzi 180 hutosha. Hamira na unga wa kuumulia havihitajiki. Donge bichi lenye hamira ni hatari kwa mbwa, kwa kuwa huendelea kuumuka tumboni na kutoa kileo.

Zihifadhiwe katika mkebe mkavu unaofungika vizuri. Hewa ya kandokando ya Ziwa Victoria ina unyevu mwingi, na biskuti iliyolainika huota ukungu haraka. Ikishaota ukungu, itupwe.

Hadi hapo hakuna la kutisha. Tatizo huja pale mtu anapodhani kwamba tunda lolote linalomfaa binadamu linamfaa pia mbwa.

Tangu zamani, madaktari wa mifugo walijua kuwa zabibu, mbichi au kavu, huweza kuharibu figo za mbwa. Hawakujua ni kwa nini. Mbwa mmoja alikula zabibu nyingi asidhurike, mwingine akala chache akafa. Fumbo hilo lilianza kufumbuka nchini Marekani, wakati wataalamu wa kituo cha sumu za wanyama cha shirika la ASPCA walipopokea taarifa za mbwa walioharibika figo baada ya kula donge la kuchezea watoto lililotengenezwa nyumbani. Donge hilo lilikuwa na unga mweupe wa kuokea unaotokana na mabaki ya divai, ambao ni chumvi ya asidi ya tatariki. Asidi hiyo imo katika zabibu, na kiwango chake hutofautiana kutoka tunda moja hadi jingine.

Mwaka wa 2021 wataalamu hao walitangaza dhana yao, na mwaka uliofuata wakachapisha maelezo ya mbwa walioharibika figo baada ya kula unga huo au ukwaju.

Habari hiyo ya ukwaju ndiyo inayowahusu wakazi wa Bondo. Zabibu si tunda la kila siku huko. Ukwaju, ambao Wajaluo huuita chwaa, ni mti wa kawaida katika ukanda mkavu wa ziwa, na ni miongoni mwa matunda yenye asidi nyingi ya tatariki. Watu huuloweka na kutia maji yake kwenye uji ili uwe mkali. Uji huo ukibaki, anayepewa ni mbwa.

Binadamu hadhuriki. Mbwa ndiye anayeonekana kushindwa kuitoa asidi hiyo mwilini kwa wepesi, nayo huumiza figo. Dalili ya kwanza ni kutapika, mara nyingi katika siku ya kwanza. Baadaye hukataa chakula, hulegea, hunywa maji kwa wingi, na katika hali mbaya huacha kukojoa. Mbwa aliyekula zabibu au ukwaju apelekwe kwa daktari wa mifugo kabla dalili hazijaonekana, kwa sababu figo zikishafeli matibabu huwa magumu. Uji wa mbwa, basi, utengwe kabla ya ukwaju kutiwa.

Vitu vingine vya kuepukwa vinajulikana zaidi. Vitunguu vya aina zote huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chokoleti huusumbua moyo wake. Zailitoli, sukari bandia iliyomo katika baadhi ya peremende, ubani wa kutafuna na hata siagi ya njugu ya dukani, hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla. Siagi ya njugu iliyosagwa sokoni bila kuongezwa kitu haina tatizo hilo, ila njugu zenyewe ziwe safi.

Usafi wa njugu na nafaka ndio unaoleta hatari ya pili, ambayo huenda ni kubwa kuliko ya tunda lolote. Ni desturi katika maboma mengi nchini kwamba mahindi yanapovunda ghalani, yaliyo mazuri husagiwa watu na yaliyoota ukungu hutengewa kuku na mbwa. Ukungu huo huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, inayoharibu ini. Mbwa ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika nayo upesi.

Kenya ina kumbukumbu chungu kuhusu sumu hiyo. Mwaka wa 1981 katika wilaya ya Machakos, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini kwa ugonjwa wa ini na 12 kati yao wakafariki. Uchunguzi uliochapishwa mwaka uliofuata ulieleza kuwa katika baadhi ya maboma yaliyoathirika njiwa walikufa kwanza, wakafuata mbwa, kisha watu. Mwaka wa 2004 sumu hiyo ilirudi katika eneo la mashariki mwa nchi. Watu 317 waliugua na 125 wakafa.

Kuoka hakusaidii. Moto wa jikoni huua ukungu wenyewe, lakini sumu iliyokwisha kuingia katika punje hustahimili joto la tanuri na la sufuria ya ugali. Biskuti iliyookwa kwa unga wa mahindi yaliyovunda itanukia vizuri na kumwua mbwa polepole. Kinachoweza kuonekana ni kukosa hamu ya kula, kutapika, ufizi na weupe wa macho kugeuka manjano, na kinyesi cheusi. Mbwa kadhaa wa kijiji kimoja wakionyesha dalili hizo kwa wakati mmoja, familia nayo ina sababu ya kulikagua ghala lake.

Kuhusu faida ya biskuti zenyewe, Siaya na Kisumu ni miongoni mwa kaunti zilizoteuliwa kuanza utekelezaji wa mpango wa taifa wa kutokomeza vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa, uliozinduliwa mwaka wa 2014 ukilenga mwaka wa 2030. Ili kuukata mnyororo wa ugonjwa huo, angalau mbwa 70 kati ya kila 100 wanapaswa kuchanjwa katika kila kampeni. Karibu watu wote wanaougua kichaa hicho hupata virusi kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishatokea ni nadra mno mtu kupona.

Chanjo hutolewa bila malipo katika kampeni nyingi. Kinachokwamisha mara nyingi ni mbwa mwenyewe. Mbwa asiyezoea kushikwa wala kufungwa kamba hutorokea migombani siku ya chanjo, na mwenyewe hufika kituoni mikono mitupu. Aliyezoeshwa tangu akiwa mdogo kuja anapoitwa, akapewa kipande cha biskuti huku kamba ikipitishwa shingoni, hupelekwa na hata mtoto mkubwa wa nyumbani. Mazoezi hayo yaanze wiki kadhaa kabla, dakika chache kila jioni. Siku yenyewe, vipande vichache viwekwe mfukoni, kimoja cha kumshughulisha sindano inapoingia na kingine cha kumpa ikishatoka.