Unamlipa kwa simu kila Jumamosi: ni mwajiriwa au ni fundi wa kujitegemea?

Tuchukue mfano wa mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Kisian, njia panda ya Busia na Bondo. Kila Jumamosi anatuma pesa kwa watu wawili. Mmoja anauza dukani tangu mwaka jana, anafungua na kufunga saa alizopangiwa. Mwingine ni fundi wa kujenga stoo: wamekubaliana bei ya kazi nzima, amekuja na vifaa na msaidizi wake, na akimaliza anaenda kwingine.

Kwenye simu, malipo hayo yanafanana. Kwa KRA, hayafanani hata kidogo.

Jiulize hivi: Nani anapanga saa na namna ya kufanya kazi? Vifaa ni vya nani? Kazi ikiharibika, nani anapata hasara? Anaweza kumtuma mtu mwingine aifanye? Kama majibu mengi yanakuangukia wewe, huyo ni mwajiriwa wako, hata kama mmekubaliana kumwita kibarua.

Na kibarua je? Sheria ya Ajira ya 2007 inasema ni mtu anayelipwa kila mwisho wa siku na haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Kifungu cha 37 kinaongeza kwamba akifanya kazi mfululizo mwezi mzima au zaidi, anahesabiwa kama wa mshahara wa mwezi. Muuzaji wetu alishavuka hapo kitambo.

Tuseme anapata Sh18,000 kwa mwezi. PAYE hatalipa, kwa sababu nafuu ya Sh2,400 inafuta kodi ya mapato yasiyozidi Sh24,000. Lakini makato mengine yapo: SHIF 2.75% (Sh495), ada ya nyumba 1.5% (Sh270) na NSSF 6% (Sh1,080). Mwenye duka naye anaongeza Sh270 ya nyumba na Sh1,080 ya NSSF kutoka mfukoni mwake. Yote yatumwe kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata.

Fundi anajilipia kodi yake kwa PIN yake. Ila malipo ya ujenzi yakifika Sh24,000 kwa mwezi, unayemlipa unakata 3% na kuipeleka KRA.

Ukikosea, deni linakurudia wewe mwajiri, pamoja na faini na riba. Naye muuzaji anazeeka bila akiba ya NSSF, na siku akiugua ndipo anagundua SHIF yake haijalipwa.

Kwa hivyo, anza leo. Weka makubaliano kwa maandishi, hata ukurasa mmoja. Lipa mishahara kando na malipo ya mafundi, na kila mwezi pakua taarifa ya malipo yako uihifadhi. Ukiulizwa nani alikuwa nani, utakuwa na la kuonyesha.