Ncha za Ukanda wa Nakshi

Yafaa leo tuseme neno juu ya ule ukanda wa mbao wenye nakshi ambao watu hupenda kuupigilia ukutani katika chumba cha wageni, kwa kimo cha mgongo wa kiti. Huupendeza ukuta, tena huzuia viti visiikwaruze chokaa. Lakini ukanda huo una mahali unapokoma, na hapo ndipo kazi nyingi huharibika.

Tulialikwa katika nyumba ya kijana mmoja aliyekuwa akijitayarisha kufunga ndoa. Tulimkuta akigombana na seremala, naye akikataa kumlipa salio la ujira wake. Kando ya njia ya kuingilia chumba cha kulia, ukanda ulikuwa umekatwa wima kama kuni. Rangi ilikuwa imenywewa na kichwa cha mbao, pakabaki doa la kuchukiza, na ukingo mkali ulikuwa umekwisha kumchubua mtoto wa jirani mkononi. “Ukuta umekwisha, nami nimekwisha,” akasema fundi. Hakuwa mvivu, la. Katikati ya ukuta alifanya kazi safi kabisa. Hakuna aliyemfundisha namna ya kumalizia.

Sababu ya doa lile ni hii. Mti ulipokuwa hai, maji yalipanda ndani yake kwa mishipa myembamba sana. Ukiukata mti kwa kukingama, midomo ya mishipa hiyo hubaki wazi, nayo hunywa rangi na unyevu kupita ubavu wa mbao. Dawa yake ni kuugeuza ukanda urudi ukutani, ili nakshi yenyewe ifunike ncha.

Fundi hukata ncha ya ukanda kwa mshazari wa digrii 45, uso wa mbele ukiwa mrefu kuliko mgongo unaolala ukutani. Kisha huchukua masalio ya ukanda ule ule, maana rangi ya mti na nakshi zapaswa kulingana, akakata mshazari wa kuuelekea ule wa kwanza. Mwishowe hukata wima pale mshazari unapofika mgongoni. Hupatikana kipande kidogo mfano wa kabari: upande mmoja hushikana na ukanda, upande wa pili hugusa ukuta. Kipande hicho kikatwe kutoka kwenye masalio marefu, ambayo mkono waweza kuyashika mbali na meno ya msumeno. Wanafunzi wasilisahau jambo hili: kidole ni kitu cha thamani kuliko nakshi.

Wala kisipigiliwe msumari, kwa kuwa kitapasuka mara moja. Gundi yatosha, na utepe wa karatasi wa kukishikilia mpaka ikauke. Baadaye hupitishwa msasa taratibu, ndipo rangi ifuate.

Katika kona ya ndani ya chumba mambo ni mengine. Kuta zetu kwa nadra huwa na pembe mraba kamili, hata zile ambazo mwashi huapa kuwa amezipima! Mishazari miwili ikikutanishwa hapo, mara nyingi huacha ufa. Afadhali ukanda wa kwanza ufike mpaka ukutani ukiwa umekatwa wima. Wa pili ukatwe kwanza mshazari, kisha msumeno mwembamba wa upinde ufuate mstari wa nakshi unaoonekana, hata ncha yake ikumbatie uso wa ule wa kwanza. Kazi hii yataka subira, na kipande kimoja au viwili vya kuharibu kwa kujifunza.

Seremala yule alizikata upya ncha zote nne kesho yake mchana, sisi tukimshikia taa katika pembe yenye giza. Bwana arusi alipitisha kidole juu yake mara mbili, akaingia chumbani kutafuta fedha.