Reli ya Changamwe: Mwenyewe Ni Nani?

Sisi wa upande wa Changamwe tumeizoea reli kama watu wa Likoni walivyozoea feri. Lakini ukiuliza mwenyewe ni nani, huyu atakwambia Mwingereza, yule atakwambia serikali, na wote wawili watakuwa wameiruka sura ya kwanza ya kisa.

Sura hiyo yaanzia Unguja. Mwaka 1887 Sayyid Barghash alimpa William Mackinnon na wenziwe mkataba wa kuusimamia mwambao wake na kukusanya ushuru wa forodha. Mwaka uliofuata kampuni yao, Imperial British East Africa Company, ikapata hati ya Malkia. Kampuni hiyo ndiyo iliyotangulia kutandika vyuma hapa kwetu. Mwaka 1890 ilianza njia nyembamba ya futi 2, ikaipa jina kubwa: Reli ya Afrika ya Kati. Ilikwenda maili 7 tu, fedha zikakatika. (Barghash mwenyewe alikuwa na kijireli chake cha kwenda Chukwani tangu 1879, wala hakukiita cha Afrika nzima.) Vyuma vile baadaye vilitumika Mombasa mjini kwa vigari vya kusukumwa, wakubwa wamekaa juu, vijana wa Kiafrika wako nyuma wanatoka jasho.

Mwaka 1895 Kampuni ilishindwa kabisa, na serikali ya Uingereza ikaamua kuiondoa kwa kuilipa pauni 250,000. Hapa namwomba msomaji atue kidogo. Katika fedha hizo, pauni 200,000 zilikuwa za Sultani wa Unguja, zile alizolipwa na Wajerumani walipochukua pwani ya Tanganyika. Mwingereza alitoa 50,000 zilizobaki. Kisha Mwingereza huyo huyo akaukodi ukanda wa maili 10, Mombasa ikiwamo, akawa anamlipa Sultani pauni 17,000 kwa mwaka: 11,000 kodi, na 6,000 riba ya fedha zake Sultani mwenyewe! Mambo yakenda hivyo mpaka 1963. Kwa maoni yangu, mali ya Pwani ndiyo iliyomtoa Kampuni, na aliyeingia nyumbani akawa mwingine.

Njia ikiwa imesafishwa hivyo, Reli ya Uganda ilianza kujengwa 1896. Daraja la miti likatupwa Makupa, vyuma vikavuka hadi Changamwe na kuendelea bara. Vibarua kama 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na karibu 2,500 walikufa. Desemba 1901 vyuma vikafika Kisumu. Kwa watu wetu, gari la moshi lilikuwa na maana moja zaidi: misafara ya wapagazi, iliyowalisha wengi mwambaoni, ilikufa.

Baada ya hapo mabadiliko yalikuwa ya majina zaidi. Miaka ya 1920 ikawa Reli ya Kenya na Uganda. 1948 ikaunganishwa na ya Tanganyika, ikawa Reli na Bandari za Afrika Mashariki. Mwaka 1969 bandari zikatengwa, makao yake yakawekwa Dar es Salaam, kwa hivyo Kilindini yetu ikawa na bosi wa ng'ambo ya mpaka. Jumuiya ilipovunjika 1977, mtu aliyekuwa akitumikia reli nchi ya jirani alifunga mizigo akarudi kwao, na madai ya malipo ya uzeeni yakavutana miaka na miaka. Shirika la Reli la Kenya likaundwa 1978.

Kampuni ya kibinafsi nayo ilirudi. Novemba 2006 Rift Valley Railways ilikabidhiwa reli kwa miaka 25, ikaondolewa 2017, hata nusu ya muda haujafika.

Mwaka huo huo, tarehe 31 Mei, ilifunguliwa reli mpya ya kilomita 472 kutoka Miritini, jirani zetu hapa, hadi Nairobi. Siku hizo za mwanzo abiria wa Mombasa alishushwa huko bara, akaingia mjini kwa matatu, jambo ambalo hata reli ya mkoloni haikumfanyia. Takriban asilimia 90 ya gharama ilikuwa mkopo kutoka China. Wananchi walioneshwa sehemu ya mikataba ya mkopo huo Novemba 2022, treni ikiwa imeshatembea miaka mitano.