Anayeumwa na Mawimbi Ndiye Achague Maji

Mume wangu hutapika boti ikiwa bado imefungwa gatini. Ni mfanyabiashara wa asali. Huingia misitu ya miombo upande wa Sikonge, akashinda huko na warina asali kutwa nzima, na basi la usiku kwenda Dar es Salaam halimtikisi. Lakini mpandishe kwenye chombo kinachosukwasukwa na maji, hata yale matulivu ya bandarini, utamwona anapauka midomo, mate yanamjaa, kijasho chembamba kinamtoka kwenye paji la uso, kisha anageukia nje. Mimi ni mzaliwa wa Ujiji. Nilijua kuogelea kabla sijajua kusoma, na ukiacha familia yangu hakuna kitu ninachokipenda kama kuzamia na mtungi wa hewa mgongoni. Tunaishi Tabora mjini, ninakoendesha duka la dawa. Basi kila likizo inapokaribia, jambo la kwanza kujadiliwa nyumbani ni tutaingia maji gani, na yeye, Baba Kulwa, atayafikiaje.

Wapenzi wengi wa mbizi hupanga kinyume chake. Huchagua kwanza mwamba wenye samaki wazuri, wakalipia boti na hoteli, halafu ndipo humwambia mwenza wao: jikaze, utazoea. Huko ni kumtesa mtu kwa fedha yake mwenyewe. Kuna wanaozoea baada ya siku mbili tatu na kuna wasiozoea maisha yao yote, na hakuna ushujaa unaobadilisha hali ya sikio la ndani. Humo ndimo shida inamoanzia. Ndani ya sikio kuna mifereji myembamba yenye majimaji inayoupa ubongo habari za mwendo na mizani ya mwili. Ukiwa umeinamia sakafu ya boti, macho yanasema umetulia, sikio linasema unapanda na kushuka. Habari hizo zikigongana, tumbo ndilo linaloadhibiwa.

Kwa kuwa naishi na dawa kutwa, niseme nionayo dukani. Wasafiri wengi huja kuomba metoklopramidi, kwa sababu waliwahi kupewa walipotapika kwa homa. Kwa kichefuchefu cha chombo haisaidii kitu. Zinazosaidia ni za aina nyingine, kama sinarizini na promethazini, nazo humezwa kabla ya safari, saa moja au mbili mapema kulingana na dawa yenyewe. Mtu akishaanza kutapika umechelewa, maana kidonge hakikai tumboni. Tena karibu zote huleta usingizi. Mwenye usingizi wa dawa hafai kushuka chini na mtungi, kwa hiyo dawa ijaribiwe nchi kavu, siku ya mapumziko nyumbani, uone inamlegeza mtu kiasi gani, na daktari aulizwe kabla ya mbizi yoyote. Pombe isiguswe. Wajawazito na wenye maradhi ya kudumu wasijinunulie tu. Tangawizi wapo inaowasaidia kidogo na haina madhara makubwa. Mume wangu huitafuna, anasema inamtuliza.

Ndani ya boti, kaa katikati, karibu na usawa wa maji, tazama mstari wa mbali ambapo maji yanakutana na mbingu, na usishike simu. Kula chakula chepesi. Tumbo tupu nalo huchafuka. Na jueni jambo ambalo wengi hawaambiwi: boti iliyotia nanga huyumba vibaya kuliko inayokwenda. Mgonjwa huzidiwa pale mnapofika, injini inazimwa, watu wanaanza kuvaa mitungi polepole huku moshi wa dizeli ukielea. Mvalisheni yeye kwanza, aingie majini kwanza. Nguvu ya wimbi hupungua kadiri unavyoshuka, na wengi walioteseka juu hupata nafuu wakishafika mita kadhaa chini. Na kama atatapika akiwa chini, asikitoe kifaa cha kupumulia mdomoni. Atapikie humo humo, abonyeze kitufe cha kukisafisha, aendelee kuvuta hewa. Aliyeishiwa maji kwa kutapika asizamie tena siku hiyo.

Sasa, maji gani? Sisi wa Tabora tumekaa katikati ya njia ya kale ya misafara. Mwisho wake wa mashariki ni Bagamoyo, kwenye bahari. Wa magharibi ni Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Wapagazi wa Kinyamwezi, mababu wa mume wangu wakiwemo, waliibeba njia hiyo mabegani karne nzima ya 19, pembe za ndovu zikishuka pwani, vitambaa na shanga zikipanda bara. Burton na Speke walipita hapa wakafika Ujiji Februari 1858. Ukiishi Tabora una uhuru wa kuchagua uelekee upande upi.

Bahari ina uzuri wake na siipunguzii kitu. Ila bahari ya kwetu hutawaliwa na pepo mbili. Kusi, inayovuma takriban Aprili hadi Septemba, huyachafua maji. Kaskazi hushika mwishoni mwa mwaka hadi Machi. Mwenye tumbo bovu atafute maleleji, kipindi cha katikati upepo unapobadilika, hasa Oktoba na Novemba. Unguja mashariki kuna ugumu mwingine: maji yakipwa, ufukwe hubaki mtupu hadi mbali, na miamba ya kuzamia iko nje huko mawimbi yanakopasuka, kwa hiyo boti haikwepeki. Kama lazima iwe bahari, nashauri Mafia. Ghuba ya Chole, iliyo ndani ya hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1995, imekingwa na visiwa vya Juani, Jibondo na Chole chenyewe, na mbizi nyingi hufanyika humo ndani pasipo kutoka kwenye bahari kuu. Papa potwe wa upande wa Kilindoni, wanaokuja kuanzia Oktoba hivi, ni jambo jingine: kuwafuata ni kukaa kwenye boti ndogo ukizungukazunguka, na hilo mume wangu hajathubutu.

Lakini chaguo letu la kwanza ni Kigoma, na sisemi hivyo kwa sababu ni kwetu.

Sababu ni kwamba Ziwa Tanganyika halina maji kupwa na maji kujaa. Ufukwe ulivyo asubuhi ndivyo ulivyo jioni. Tena kingo zake nyingi ni mawe yanayoteremka moja kwa moja kwenye kina, kwa kuwa ziwa lenyewe ni ufa wa ardhi: kina chake hufika mita 1,470, la pili kwa kina duniani baada ya Baikal. Maana yake kwa mtu anayeumwa na mawimbi ni kwamba haihitajiki boti kabisa. Unavaa miwani ya maji na mrija ukiwa umekaa juu ya jiwe, unaingia kwa miguu, na hatua chache mbele samaki wako chini yako. Pale ufukwe wa Jakobsen, kusini kidogo ya mji wa Kigoma, tunashuka kilima kwa miguu hadi kwenye vijighuba viwili vyenye mchanga katikati ya mawe. Mimi naendelea mbele na mtungi pamoja na mwenzangu wa mbizi. Mume wangu anabaki kwenye maji ya kifuani, mkono mmoja kwenye jiwe.

Na hapo kwenye maji ya kifuani ndipo penye maajabu. Ziwa lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa sato na perege, na karibu wote hawapatikani kwingine kokote duniani. Wengi huishi kwenye mawe, kwenye mwanga, si vilindini. Wapo wanaoishi ndani ya makombe matupu ya konokono, familia nzima kwenye kombe moja. Wapo wanaokula magamba ya wenzao, na mdomo wao umepinda, wengine kulia, wengine kushoto, kila mmoja akishambulia ubavu ule tu unaolingana na mdomo wake. Kuhe, mmoja wa wakubwa kabisa wa ukoo huo, hulinda watoto wake baba na mama pamoja. Siku moja nilipoibuka, nilimkuta Baba Kulwa ametoa mrija mdomoni, anapiga kelele: “Mama Kulwa, njoo, huyu mama anameza wanawe!” Nilizama kando yake nikatazama. Vitoto vidogo kama punje za ulezi vilikuwa vimetawanyika juu ya jiwe. Kivuli chetu kilipopita, perege jike alifungua kinywa, vikamiminika ndani vyote, akafunga. Tulitulia pale tukiwa tumeshikana mikono hadi akavitema tena, kimoja kimoja, vikarudi kula majani ya kwenye jiwe. Mume wangu alikuwa na afya njema kabisa, na hakutaka kutoka majini.

Ziwa nalo lina upepo wake. Kuanzia Mei hadi Agosti au Septemba kusi hushuka kwa nguvu na mawimbi huwa makubwa kama ya bahari. Wasiolijua hudhani ziwa ni bwawa. Sisi huenda kusi ikishalegea, kabla mvua hazijashika na mito haijaleta tope. Asubuhi ya kila siku waulizeni wavuvi wa Katonga. Wao hulitazama anga la kusini wakajua, na hawana sababu ya kukudanganya.

Ukitaka Gombe, hifadhi iliyotangazwa 1968, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe mwaka 1960, boti haiepukiki. Vyombo huondokea Kibirizi. Hata hivyo njia yote hufuata ukingo, kama ilivyokuwa zamani: Stanley na Livingstone walipokutana Ujiji mwaka 1871, walipanda mtumbwi kwenda kaskazini kutazama mto Rusizi, wakawa wanalala nchi kavu njiani, na wakathibitisha kwamba mto ule unaingia ziwani, hautoki. Nasi tulipatana na mwenye boti atushushe ufukweni kila mume wangu alipoinua mkono. Mlipeni mwenye boti ziada kwa muda huo, asiwe na haraka.

Wanaozamia na mtungi wazingatie kwamba uso wa ziwa uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Majedwali ya mbizi yametungwa kwa bahari, na kuanzia mita 300 hivi hurekebishwa, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi na mapovu ya naitrojeni huumbika mwilini kwa urahisi zaidi unapopanda. Maji baridi nayo hayakuinui kama ya chumvi, basi punguza risasi za kiunoni. Kigoma iko mbali na vyumba maalumu vya kutibu ugonjwa wa mgandamizo, usichezee kina. Baada ya mbizi za siku kadhaa, zipite angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege. Hata anayerudi na treni nampa ushauri huo huo, maana Tabora iko mita 1,200 hivi, juu kuliko Kigoma. Sisi hulala usiku mmoja wa mwisho bila kuzamia, tukatembea hadi Ujiji kula migebuka ya kuchoma. Mitungi na mashine ya kuijaza si vitu vya kuvikuta kila pahali; ulizia hoteli za ufukweni kabla hujakata tiketi.

Kuna kichocho. Hatari ni kubwa zaidi kwenye maji yaliyotuama, yenye majani na karibu na makazi, ndogo kwenye mawe yanayopigwa na mawimbi, lakini ipo. Pimeni wiki nane hivi baada ya kurudi, si mapema sana, kwa sababu minyoo michanga haionekani kwenye vipimo na dawa, praziquanteli, haiwaui vizuri. Kaeni mbali na midomo ya mito, ambako mamba hupenda. Swila wa maji yupo, anakula samaki na humkwepa mtu, mwacheni apite.

Safari yenyewe hailevyi mtu. Treni hutoka Tabora ikapita Urambo, ilikokuwa dola ya Mirambo, ikapita Kaliua na Uvinza ya chumvi, hadi kituo cha Kigoma ambako Wajerumani waliifikisha reli mwaka 1914. Kwa reli hii hii meli ya Liemba ililetwa vipandevipande kutoka Ujerumani, ikaunganishwa Kigoma na kuingizwa majini mwaka 1915. Mgonjwa akae akitazama mbele, dirishani.

Neno langu la mwisho ni kwa wenye mamlaka na wenye mitaji Kigoma. Wageni hupanda ndege kutoka Ulaya kuja kutazama samaki hawa, na huko kwao watu huwafuga kwenye matangi ya vioo sebuleni, ilhali familia ya Tabora, iliyo njia moja ya treni, haijui kama wapo. Vijana wanaozamia kukamata samaki wa mapambo kwa ajili ya soko la nje tayari wanayajua maji hayo jiwe kwa jiwe. Wapeni mafunzo kamili, vyeti na vifaa salama, wawe waongozaji wa wageni wa nje na wa ndani, na wekeni waokoaji kwenye fukwe za kuogelea. Nitakuwa mteja wao wa kwanza, mimi na Baba Kulwa.