Ulezi: rangi ya punje haitoshi kupanga bei

Mnunuzi wa nafaka anapofungua gunia la ulezi huangalia rangi, uzito na mchanga. Hayo yanamweleza alichopata msimu huu. Hayamwelezi kama mkulima huyo ataweza kuleta mzigo wa namna hiyo mwakani, na kwa anayetoa fedha kabla ya mavuno hilo ndilo swali lenyewe. Jibu lake liko kwenye mbegu.

Ulezi, ambao Kenya huitwa wimbi, asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na ulivuka kwenda India maelfu ya miaka iliyopita. Kwa kukaa kwake muda mrefu mikononi mwa wakulima, aina zake ni nyingi. Mwaka 2006, watafiti wa taasisi ya ICRISAT iliyoko Patancheru, India, walichambua sampuli 5,940 na kuteua 622 za kuwakilisha zote. Mwaka 2010 wakachuja zaidi hadi 80. Zimo zenye mimea mifupi na mirefu, zinazowahi na zinazochelewa, zenye masuke yaliyofunguka kama vidole na yaliyofumba kama ngumi, za punje nyeupe, nyekundu na kahawia.

Tatizo ni kwamba sifa nzuri hazikai pamoja kwa urahisi. Ulezi unaowahi huponea mvua fupi, lakini kwa kawaida unaochelewa ndio unaojaza debe mvua ikiwa nzuri. Mmea mrefu wenye suke zito huelekea kulala chini, na ulezi uliolala huvunwa na mchanga wake. Punje nyeupe hupendwa kwa unga, ila punje za kahawia zina tanini nyingi zaidi, ambayo husaidia kuzuia kuvu. Juu ya yote kuna ugonjwa wa blasti, unaosababishwa na kuvu. Ukishika shingo ya suke, suke hubaki na makapi, na shamba lililoonekana zuri kwa mbali halitoi kitu.

Tofauti hizo zina thamani ya fedha, na India ni ushahidi. Katika miaka ya 1960 huko Karnataka, mtafiti C. H. Lakshmanaiah alianza kuchanganya ulezi wa kwao na ule wa Afrika. Aina zilizotokana na kazi hiyo zikaitwa Indaf, yaani India na Afrika, na mavuno ya jimbo hilo yakapanda. Damu ya Afrika ndiyo iliyoleta masuke makubwa. Ajabu ni kwamba bara lililotoa mbegu hiyo lilichelewa kuitumia kwa namna hiyo.

Kazi yenyewe si rahisi. Maua ya ulezi ni madogo sana na hujichavusha yenyewe, hivyo kuchanganya aina mbili huhitaji subira. Punje nazo ni ndogo: kilo moja hukaribia punje 400,000. Kujichavusha huko kuna faida kwa mkulima, kwani anaweza kutunza mbegu yake bila kubadilika haraka. Kwa kampuni ya mbegu ni hasara, maana mteja harudi kila msimu kama afanyavyo kwa mahindi chotara. Mwekezaji anayetaka kuingia kwenye mbegu za ulezi asipige hesabu za mahindi.

Tanzania iliidhinisha aina mbili, U15 na P224, mwaka 2012. U15 huwahi kukomaa kuliko P224, hivyo inafaa zaidi maeneo yenye mvua chache. Njia nafuu ya kusambaza aina kama hizo ni mbegu za kuazimiwa ubora, zinazozalishwa na wakulima vijijini chini ya ukaguzi.

Kwa mnunuzi, mchanganyiko wa aina shambani una gharama yake. Masuke hayakomai pamoja, wavunaji hupita mara mbili au huchanganya mabichi na makavu, na ghalani unyevu huanza kazi. Wapika mbege wa Kilimanjaro, wanaohitaji ulezi unaoota sawasawa ili upate kimea, huligundua hilo mapema kuliko msagaji wa unga wa uji.

Hivyo anayetaka kulipa malipo ya awali Singida au Rukwa afike kabla ya kupanda, aulize jina la mbegu na ilikotoka, kisha arudi masuke yanapotokeza kuona kama yanafanana. Shamba lenye masuke ya kila umbo halifai kulipiwa bei ya daraja moja.